Mguu Wenye Wategemezi

Mguu wa kulia wa mtoto wa kaka yangu unasomesha watoto watatu, unamnunulia nyanya yake dawa za presha na unalisha ng'ombe wawili wakati wa kiangazi. Wa kushoto unalipa deni la shamba. Ndiyo maana kijana aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Brooklyn Park, Minnesota, akisema, "Baba mdogo, baridi hii nataka kujifunza kuteleza kwenye theluji," sikumuuliza kama atafurahi. Nilimuuliza ana bima ya aina gani.

Mimi ni mweka hazina wa kundi la WhatsApp la familia yetu hapa Nyaramba. Cheo hiki hakina mshahara, hakina posho na hakina mlango wa kutokea. Ukijitoa unarudishwa kabla hujaweka simu mfukoni. Kazi yangu ni kuandika nani ametoa nini kwa mazishi, karo, harusi na hospitali, kisha kununiwa na wale ambao majina yao yamebaki peke yake bila kiasi mbele yake. Mtu wa ukoo huu anapotangaza kwamba anataka kufunga vibao miguuni na kujiachilia mlimani, wenzangu wanaweka vikatuni vya makofi. Mimi nafungua daftari ukurasa mpya na kuandika juu yake: HOSPITALI.

Halafu kuna hili la mahali penyewe. Kama shida ni mteremko, si angebaki nyumbani? Kaunti ya Nyamira inaanzia mita 1,250 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi 2,100. Mlima mrefu kuliko yote katika jimbo zima la Minnesota unaitwa Eagle Mountain, na kimo chake ni mita 701. Yaani ukiuchukua ukauleta hapa, kilele chake kitakuwa chini ya bonde letu la chini kabisa. Kijana ameiacha milima halisi, amekopa nauli, amepanda ndege mbili, ametua kwenye tambarare, na sasa anatafuta kichuguu cha kutelezea. Amekipata. Kinaitwa Buck Hill, kiko Burnsville kusini mwa jiji la Minneapolis, na kutoka juu hadi chini hakifiki mita 100. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukidharau, nikaambiwa kwamba hapo ndipo Lindsey Vonn alipojifunzia utotoni, yule Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya mteremko katika Olimpiki za Vancouver mwaka 2010. Maneno yakanirudi kooni.

Mchana huyu kijana anafanya kazi kwenye makao ya wazee. Anawainua waliovunjika nyonga, anawasogeza, anawavalisha soksi. Ungedhani mtu anayeona nyonga zilizovunjika kuanzia saa moja asubuhi angekuwa wa mwisho kutafuta namna ya kuvunja yake. Lakini baridi ya huko, anasema, ni ya miezi mitano, na asipotoka nje atazungumza na ukuta. Hilo nalielewa. Sisi hapa ikinyesha mfululizo siku nne tunaanza kugombana na mbuzi.

Basi akaomba ushauri kwenye kundi. Kosa la hawa watoto wa ng'ambo ni kudhani kwamba wakiuliza kitu watajibiwa na anayekijua.

Wa kwanza kujibu alikuwa dada yetu mkubwa, ambaye theluji anayoijua ni ile inayoganda kwenye friji la duka la soda umeme ukirudi. Akaandika kwamba Wakenya wameshateleza na dunia ikaona. Ni kweli. Philip Boit, mkimbiaji kutoka pande za Eldoret, alikwenda Nagano, Japani, mwaka 1998, akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za majira ya baridi. Aliingia mbio za kilomita 10, akamaliza wa 92, na ndiye aliyekuwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie alimsubiri kwenye utepe akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Dada akaweka bendera sita za Kenya na machozi mawili ya furaha.

Nilimjibu kwa heshima, maana ni mkubwa wangu na ndiye anayegawa ndizi za mavuno, kwamba skii, yaani vibao, za Boit si hizi anazotaka kijana. Zile ni ndefu na nyembamba, zinashika kiatu chepesi kwenye ncha tu. Kisigino kiko huru kuinuka, na mtu anasukuma kwa miguu na fimbo kwenye njia ya vilima vidogo na tambarare. Skii za mteremkoni hubana buti mbele na nyuma. Na buti lenyewe ni gumu kutoka kwenye kidole hadi nusu ya muundi. Mguu ukishaingia humo, kifundo hakina ruhusa ya kufanya lolote. Kwa hiyo ukianguka, nguvu yote inatafuta mahali pa kupita, na mahali palipobaki ni mfupa au goti.

Dada hakusoma. Akaendelea na Sabrina Simader: amezaliwa Kilifi mwaka 1998, amekulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya huko PyeongChang, Korea Kusini, kwenye skii hizi hizi za mteremkoni. "Mtu wa minazi ameweza, wa majani chai ashindwe?" Nikamwambia huyo binti alipelekwa Austria akiwa mtoto mdogo, akaanza kuteleza kabla hajajua kusoma. Wa kwetu ana miaka thelathini na minane na tumbo. Jibu lilikuwa bendera nyingine ya Kenya.

Sasa tuje kwenye vibao. Kijana hakutaka skii ndefu za kawaida, zile ambazo mtu wa kimo chake hupewa za sentimita 160 na zaidi. Anataka fupi. Na hapa, kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani, nilimwona ana akili. Skii fupi hugeuka kwa urahisi. Ncha zake hazipandani ovyo na kukufunga miguu, unazibeba kwapani hadi kwenye gari, na kwenye mteremko uliosawazishwa vizuri mtu mzima mwenye kazi na watoto anaweza kuanza kufurahi siku ile ile badala ya kungoja msimu wa tatu. Wala si wazo la jana. Miaka ya 1960 huko Vermont mwalimu mmoja, Clif Taylor, alikuwa akiwaanzisha wanafunzi kwenye vibao vifupi sana, kisha anawaongezea urefu kadiri wanavyozoea. Les Arcs, kule milima ya Alpi ya Ufaransa, walimu wakashika njia hiyo hiyo.

Ufupi una gharama zake. Ukiongeza kasi, vinatikisika. Kwenye theluji nene ambayo haijashindiliwa, mtu mzito anazama. Na kwa kuwa nyuma hakuna urefu wa kukuegemeza, ukikaa kidogo tu kwa visigino unajikuta unaangalia mawingu. Ila kijana haendi kwenye theluji nene wala hashindani na mtu. Anakwenda Buck Hill Jumamosi, na Jumapili anatakiwa kanisani akiwa amesimama kwa miguu yake. Kwa mtu wa namna hiyo, fupi ni sawa.

Swali linalofuata ndilo lililotaka kuuvunja ukoo. Akatuma picha. Mwenzake kazini anauza vibao vyake, chini ya mita moja, rangi ya machungwa, vimekwaruzwa kidogo, bei ya kutupa. Binamu zangu wakaanza kusifu rangi. Mimi nikakuza picha nikaangalia pale kiatu kinapokaa. Kifungio kilikuwa cha chuma na plastiki, unaingiza buti, unabana kwa mkono, basi. Hakifyatuki. Pembeni kulikuwa na kikamba cha kufunga mguuni, ili kibao kikitoka kisikimbie peke yake.

Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba kibao kifupi hakihitaji kifungio cha kufyatuka. Hoja yake ni ya darasa la fizikia: skii ndefu ni wenzo mrefu, inaukamata mguu na kuusokota, kibao kifupi ni wenzo mfupi, hakina nguvu hiyo. Hoja nzuri. Ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli imeshatugharimu hapa Nyaramba mashamba kadhaa. Vibao vifupi vya aina hiyo vilipovuma miaka ya 1990, madaktari wa sehemu za theluji walihesabu majeruhi wao wakakuta kwamba watu wa vibao visivyofyatuka wanavunjika mfupa wa muundi kwa kiwango cha juu kuliko watu wa skii za kawaida. Ncha fupi ikijichoma kwenye theluji, mwili unakwenda mbele, buti halitoki, na mfupa unakatika pale ukingo wa buti unapoishia. Wenzo ulikuwa mfupi, ndiyo. Lakini ulitosha.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya jamaa zangu wavipende vile vibao, na hii inatuhusu sisi hasa. Kifungio kisichofyatuka hurekebishwa kwa mkono kutoshea buti la mtu yeyote, bila bisibisi. Leo anatumia baba, kesho mtoto, keshokutwa mgeni. Kaka yangu, baba yake kijana, alipousikia uwezekano huo alifurahi waziwazi. Ukoo wetu una historia ndefu ya viatu vya kugawana. Mimi na yeye tulikuwa na jozi moja nyeusi ya usaili wa kazi. Viatu vile vilihojiwa mara nyingi kuliko sisi wote wawili, na nadhani kama vingeweza kusema vingeajiriwa. Lakini kifungio cha kufyatuka hakigawanywi hivyo. Kinapimwa kwa mtu mmoja na buti lake, na ukimpa mwingine, kinapimwa upya.

Nikajua lazima nieleze kufyatuka ni nini kwa lugha ya nyumbani. Nikaandika hivi, na nanakili hapa kwa faida ya wasomaji wa nchi kavu. Njoo Nyaramba mwezi wa Aprili, saa kumi jioni, mvua ikiwa imetoka kunyesha, ushuke ile njia ya udongo mwekundu kuelekea kituo cha kuuzia majani chai. Pale katikati tope linakamata gamubuti. Kama gamubuti lako lina nafasi, linabaki, mguu unachomoka na soksi yake, nawe unalala kifudifudi mbele ya karani. Utachekwa hadi mavuno yajayo, lakini utaamka na mifupa yako yote. Kama siku hiyo ulivaa soksi tatu kwa sababu ya baridi, gamubuti limebana, mguu hautoki, na mwili unaendelea na safari uliyoianza. Huyo ndiye anayebebwa kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, akilia kwa jina la mama yake. Soksi ngapi? Hapo ndipo penye utaalamu wote.

Basi kifungio cha kufyatuka kinafanya kwa springi kile ambacho tope linafanya kwa bahati. Kipande cha mbele hufunguka kwa ubavu mguu ukisokotwa. Cha nyuma hufunguka kwa juu ukianguka kwa mbele. Kikiachia, breki ndogo mbili zinashuka na kuchoma theluji ili skii isimfuate mtu mwingine huko chini. Anayesimuliwa mara nyingi katika habari hii ni Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Portland, Oregon. Alikuwa mtelezaji hodari, akavunjika mguu mwaka 1937, na inasimuliwa kwamba wazo la kifungio kinachoachia lilimjia akiwa hospitalini. Mwaka 1939 alikuwa ameshapata hataza yake. Hospitali zetu nazo zina wagonjwa wengi wenye mawazo, ila wengi huwaza bili.

Kaka yangu hakukubali. Yeye ni mtu wa kizazi cha kukaza. Hapa tumelelewa kuamini kamba: gunia la majani likifungwa, linafungwa, mzigo kwenye pikipiki unazungushiwa mipira ya tyubu mpaka pikipiki yenyewe inapumua kwa shida. Kitu kilicholegea ni kitu kilichopotea. Kwa hiyo wosia wake kwa mwanawe ulikuwa mfupi: "Nunua hivyo vya kufyatuka kama Baba mdogo anavyosema, halafu ukaze visifyatuke."

Nimeishi na huyu mtu utoto mzima. Nilikwenda nje nikazunguka mgomba mara moja kabla ya kujibu.

Ile nguvu ya kufyatuka, kaka, haikazwi kwa hasira. Kuna kidirisha kidogo chenye namba, na namba hutafutwa kwenye jedwali la viwango vya kimataifa. Wanaangalia uzito wa mtu, kimo chake, umri wake, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na namna anavyoteleza. Mzito huwekewa namba ya juu. Mwenye soli ndefu, ya chini kidogo. Aliyefikisha miaka 50 hupunguziwa, jambo lililomkera binamu yetu wa Dallas ambaye amekuwa na miaka 49 tangu Kibaki akiwa rais. Kuhusu namna ya kuteleza, fomu ina ngazi tatu: ya kwanza ya mtu mwangalifu anayekwenda taratibu, ya tatu ya mwenye kasi na mbwembwe. Kijana wetu, ambaye hajawahi kusimama kwenye theluji isipokuwa akingoja basi, alikuwa amejiweka ya tatu. Nilimwambia ajaze ya kwanza, na kama kuna ya chini ya hapo aiandike kwa mkono.

Umri na kimo havikuleta ubishi. Kilo ndizo.

Hapa kwetu kunenepa ni habari njema. Kijana alipokuja Desemba, mashangazi walimpokea uwanja wa ndege wakimshika mashavu na kumshukuru Mungu. Shati likibana kifungo cha tumbo, watu wanasema Amerika imemkubali. Kwa hiyo kwenye kundi la familia alishatangaza kilo 105, na nyanya yake akaomba hizo kilo ziombewe zisipungue. Alipokwenda dukani kuuliza vifaa, akakuta anayejaza fomu ni binti, naye akataja kilo 80. Kilo 25 zilipotelea kati ya Nyaramba na kaunta.

Kifungio kinaamini kilichoambiwa. Ukitaja kilo ambazo huna, springi inakuwa ngumu kuliko mwili wako, na siku ya kuachia haiachii. Ukificha kilo ulizo nazo, inakuwa laini. Unakata kona vizuri kabisa na kibao kinakuaga katikati ya kona bila sababu. Uongo wa Nyaramba unavunja mguu, wa Minnesota unakutupa chini. Mimi kama mweka hazina nauogopa zaidi wa Nyaramba, lakini sitaki hata mmoja kwenye daftari langu.

Mzee mmoja wa ukoo, omogaka anayeheshimika na ambaye huandika kwa herufi kubwa tupu, akapendekeza kijana apimwe hapa hapa kwenye mizani ya kituo cha majani chai akija tena. Nikamkumbusha kwamba mizani ile humkata mkulima kilo za gunia na kilo za maji. Kijana angerudi Amerika na risiti inayoonyesha kilo chache kuliko za mkoba wake, na salio lilipwe kwenye bonasi.

Kwa hiyo nikamtaka apande mizani pale pale kazini kwake, ile ya kupimia wazee, anipigie picha namba ikionekana pamoja na vidole vyake vya miguu. Ilifika usiku wa manane. Kilo 93. Kwenye kundi nikaandika "tumepata ukweli" bila kutaja kiasi, kwa sababu hata mweka hazina ana siri za kitaaluma. (Sasa nimezitaja gazetini. Gazeti nyanya hasomi.)

Yaliyobaki nilimwambia haraka haraka, bando likiwa linaisha. Asikaze wala kulegeza mwenyewe kwa bisibisi. Ampelekee fundi wa duka lenye mashine ya kupima, buti na skii vyote viwili, kwa sababu kinachopimwa ni vyote pamoja. Asitembee na yale mabuti kwenye maegesho yenye mchanga, maana soli ikilika au ikishika uchafu, kuachia kunabadilika. Asinunue skii kuukuu kwenye mnada wa kanisa kwa kuwa tu zina vifungio vya kufyatuka: watengenezaji huacha kuwajibika kwa modeli za zamani, na duka la maana linakataa kuzigusa. Aliona hilo ni ujanja wa biashara. Nilimwambia fundi anayekataa pesa yako ndiye wa kumsikiliza. Hapa kwetu hatujawahi kumpata.

Akalalamika kwamba skii fupi zenye vifungio vya kufyatuka ni nzito kuliko vile vya mwenzake na bei yake ni ya dola mia kadhaa. Malalamiko yote mawili ni ya kweli. Kifungio cha kufyatuka kina chuma, springi na breki, na kwenye kibao kifupi chembamba mara nyingi huwekewa bamba chini yake, mtu akasimama juu zaidi kutoka kwenye theluji. Ndiyo maana wengi wanaotengeneza vile vya chini ya mita moja huviuza bila, na ukitaka vya kufyatuka unaambiwa kaanze kutafuta kuanzia karibu mita moja hadi sentimita 130 hivi. Kuhusu bei, nilimkumbusha kwamba anayeshukia hospitali kwa ambulensi huko kwao halipi kwa ndizi.

Binamu yetu aliye mlinzi Dubai akaingilia kwamba hakuna haja ya kununua. Huko Ski Dubai, ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, tangu 2005 watu wanateleza chini ya nyuzi sifuri huku nje joto limepita 40, na wengi hawana hata koti. Wanapewa vifaa mlangoni, wanavirudisha jioni. Hilo ndilo neno la busara pekee lililotoka kwenye kundi lile mwezi mzima, na aliyelisema hajawahi kuteleza, kazi yake ni kuangalia magari.

Kitu kimoja sikukiandika kwenye kundi, kwa sababu nyanya anasomewa ujumbe wote. Hivi vifungio vimepunguza sana kuvunjika kwa muundi tangu miaka ya 1970, lakini goti havikulilinda kwa kiwango hicho. Kano ya ndani ya goti inaweza kukatika kabla springi haijaona sababu ya kufunguka, hasa mtu akianguka kwa nyuma akijaribu kujiokoa. Nilimpigia kijana simu nikamweleza peke yake: ukiona unaanguka, anguka. Usipigane. Wanaume wa ukoo wetu hawana mazoezi ya kuanguka bila kupigana, kwa hiyo nilirudia mara mbili.

Basi uamuzi wa hazina ni huu, na umeshapitishwa kwa wingi wa vidole gumba. Msimu huu akodi, skii fupi, vifungio vya kufyatuka vyenye breki, vipimwe na fundi kwa kilo 93 na ngazi ya mwangalifu. Akipenda, mwakani anunue za sentimita 120 hivi na buti lake mwenyewe. Vile vya rangi ya machungwa mwenzake akavitundike ukutani. Kaka yangu amekubali kwa sharti kwamba kijana atume picha ya kile kidirisha chenye namba, nami nimemkubalia, ingawa najua atakapoiona atasema iongezwe.

Nawe msomaji, kama una wako Minnesota, Oslo au popote panapoganda, mpigie leo umuulize anatelezea nini na kilo zake ni ngapi. Akitaja haraka sana, muombe picha ya mizani. Akikataa, mwambie hazina ya ukoo imefungwa hadi theluji iyeyuke.